CHALE, TATUU NA MACHO MEKUNDU: TUSIMPIME MTU KWA NGOZI YAKE



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii ugonjwa mmoja. Tunapenda kuzungumzia jambo linalowachelewesha wagonjwa wa magonjwa mengi, na hata wakifika hospitali huwafunga midomo. Jambo hilo ni dharau na hofu tunayowaonyesha watu kwa sababu ya alama zilizo miilini mwao: chale, tatuu, masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, meno yaliyong'olewa au kuchongwa.

Kazi yetu sisi wauguzi ni kuwavua watu nguo. Msicheke, ni kweli. Mtu akija kujifungua, kuchomwa sindano au kufungwa kidonda, ni lazima ngozi ionekane. Hivyo tunaona yale ambayo kanisani siku ya Jumapili yamefunikwa na shati na kanga. Tunaona pia jinsi mama anavyoishikilia kanga kifuani asitake tuifungue, na kijana anavyoficha mkono chini ya shuka. Wengi wao hawaogopi uchi. Wanaogopa kusemwa, kwa sababu wamekwisha kusemwa mara nyingi.

Maneno yenyewe ni haya. "Huyo ana chale mwili mzima, mchawi." "Yule wa machimboni kajichora, jambazi tu." "Usikae karibu na yule Mtaturu." "Amechanjwa mbavuni, lazima ana UKIMWI." Husemwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, husemwa kisimani, husemwa katika jumuiya ndogo ndogo baada ya sala. Na baadhi ya wanaoyasema wamevaa koti jeupe.

Chale ni kitu gani?

Chale ni mikato midogo ya wembe juu ya ngozi, ambayo aghalabu hupakwa dawa ya unga au masizi. Kidonda kikipona hubaki kovu dogo, jeusi au lililoinuka. Katika Usukuma watu huchanjwa kwa sababu nyingi. Wapo waliochanjwa kwa ugonjwa. Wapo waliochanjwa kama kinga. Wacheza ngoma wa vyama viwili vikubwa, Bagalu na Bagika, wamekuwa wakichanjwa dawa za ngoma tangu enzi za mababu, na wale Bayeye wanaocheza na nyoka huchanjwa dawa ambayo wao huiamini kuwa kinga ya sumu. Vyama hivyo hivyo ndivyo hushindana kila mwaka kwenye sikukuu ya Bulabo, maana yake maua, ambayo kule Bujora, Mwanza, imefungamana na sherehe ya Ekaristi Takatifu tangu siku za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo. Waumini wetu wengi wamekwenda kuwashangilia. Kesho yake mchezaji yule yule akija kukaa nao benchi moja zahanati, wanasogea pembeni.

Makabila mengine yana alama zao. Wanawake wa Kitaturu, ambao pia huitwa Wadatoga, wana alama ndogo za duara kuyazunguka macho. Wamekuwa majirani zetu siku zote katika Meatu, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Jina la "Mang'ati" wanaloitwa na wengi si jina lao: ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Wazee wa Kimakonde wana nembo usoni, na bibi zao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Wanyamwezi wa zamani walichonga meno ya mbele. Kwa waliofanya hivyo ulikuwa urembo, au alama ya kuwa mtu mzima mwenye kwao. Mzee wa miaka 80 hawezi kuurudisha uso wake dukani eti kwa kuwa mtindo umebadilika.

Tena tulitazame hilo neno lenyewe. Neno chale na neno chanjo yote yanatokana na kuchanja. Wazee wetu waliokingwa na ndui, ugonjwa ambao dunia ilitangaziwa kuwa umetokomea mwaka 1980, wana kovu mkononi. Karibu kila mtoto anayezaliwa leo huchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkono wa kulia juu, na mara nyingi hubaki kovu dogo. Kliniki tunalitafuta kovu hilo na tukilikuta tunafurahi. Basi, msomaji, ukikunja mkono wa shati lako huenda ukaikuta chale yako. Tofauti ni kwamba hiyo tumekupatia sisi.

Chale humweleza nini muuguzi?

Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, maana ndipo penye faida. Mtu asiyejua huona chale na kusema "uchawi". Muuguzi aliyezoea kazi huona chale na kuuliza: mahali hapa paliuma nini?

Chale za kiganga kwa kawaida huwekwa mahali penye maumivu. Chale kwenye paji na pembeni mwa macho mara nyingi ni za kichwa kilichouma muda mrefu, au za degedege utotoni. Chale za mbavuni ni za kichomi na kifua. Chale nyingi upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, ni za bandama lililovimba, na bandama la mtoto huvimba kwa malaria ya kurudia-rudia au kwa selimundu. Chale kuzunguka magoti, viwiko na viganja ni za viungo vinavyouma. Mtu mzima aliyekosa meno ya chonge pengine aling'olewa vijino vyake akiwa mchanga, kwa kile kinachoitwa "meno ya plastiki". Mtoto alikuwa akiharisha na ana homa, mtu akasema sababu ni meno, akayachimbua kwenye ufizi kabla hayajaota. Vivyo hivyo kimeo hukatwa kwa mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha.

Kwa hiyo ngozi ya mgonjwa ina habari ambazo hazimo katika kadi yake ya kliniki. Lakini habari hizo hupatikana kwa kuuliza vizuri. Tuchukue mfano. Mama amemleta mtoto wa miaka 3 aliyepauka, na mtoto ana chale kwenye viganja na magotini. Muuguzi akimfokea, "Mmeanzia kwa mganga, mtoto amekwisha ndipo mnatuletea!", mama atajibu kwamba hizo ni mikwaruzo tu, na mazungumzo yamekwisha. Sasa msikie anayeuliza kwa heshima:

"Mayu, pole na safari. Hizi chale za mikononi alichanjwa akiwa na umri gani?"

"Alikuwa na miezi minane, dada. Viganja vilivimba vyote viwili, akalia siku tatu."

"Ilirudi tena?"

"Ilirudi. Safari ya pili ikawa miguu. Ndipo bibi yake akasema achanjwe na huko."

Katika maneno hayo machache mama amekwisha kutueleza ugonjwa. Kuvimba viganja na nyayo kwa mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka au miaka miwili ni moja ya dalili za mwanzo za selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ni mwingi sana. Kipimo cha damu kitathibitisha. Mtoto ataanzishiwa kinga ya malaria, asidi ya foliki, penisilini ya kumkinga na maambukizi, na daktari ataona kama anafaa kupewa haidroksiurea. Yule mtoto ambaye mama yake alifokewa atatibiwa malaria na kuongezwa damu, arudi nyumbani, na mara nyingine asifike akiwa hai.

Kwa sababu hiyo tunawaomba akina mama: msizifiche chale za watoto, na hata dawa iliyopakwa mtutajie kama mnaifahamu. Na ninyi majirani mnaomsindikiza mama hospitali, msimsimange njiani kwa kuwa alipita kwa mganga. Huyo mama alikuwa na mtoto anayelia usiku, zahanati iko mbali, na mkwe amesimama mlangoni na wembe.

Je, ni kweli kwamba mwenye chale ana UKIMWI?

Hapana. Hakuna mtu awezaye kuujua UKIMWI kwa kutazama ngozi. Dhana hii ina mizizi yake. Tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu walifundishwa, na kwa haki, kwamba wembe wa kuchangia unaweza kuleta virusi. Wakaligeuza fundisho: badala ya kuuogopa wembe wakamwogopa mtu. Pia wapo waliougua mkanda wa jeshi, ambao huacha makovu upande mmoja wa mwili, na watu huyachanganya makovu hayo na chale. Mkanda wa jeshi humpata hata mzee asiye na virusi vya UKIMWI. Ni damu iliyopimwa tu inayotoa jibu, na sehemu kubwa ya maambukizi hapa kwetu hupitia ngono, ambayo haiachi kovu lolote juu ya ngozi. Mwenye ngozi laini kama ya mtoto asijihesabu salama.

Kijana wa machimboni

Tuje Geita, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na upande wa Kahama. Huko dhahabu imewakusanya vijana kutoka mikoa yote na hata nchi jirani. Wengi wana tatuu, mchoro unaofanywa kwa kuchoma ngozi kwa sindano na kuingiza wino. Kambini sindano yenyewe aghalabu ni ya kushonea, na wino ni wa kalamu au masizi.

Watu wa vijijini wakimwona kijana huyo, shingo imechorwa, sikio lina hereni, wamekwisha kumaliza kesi yake: mhuni, mvuta bangi, mwizi wa ng'ombe. Tunajua kwamba wahuni wapo machimboni, sisi ndio tunaowashona vichwa usiku wa kuamkia Jumapili. Lakini tumeshona vichwa vingi, na hatujaona kwamba waliochorwa ndio wapigaji na wasiochorwa ndio wapigwaji.

Ukimwuliza taratibu wakati unafunga kidonda, kijana mwenyewe hueleza. Huyu amechora jina la mama yake aliyefariki. Yule jina la mtoto aliyemwacha Kigoma. Mwingine msalaba. Mmoja alituambia kwamba amechora jina la kijiji chao mkononi ili duara likiporomoka wajue mwili waupeleke wapi. Tulikaa kimya kidogo tukiendelea kufunga bandeji.

Tatizo la kiafya liko hapa. Mchimbaji hukaa katika vumbi la mawe, hasa anayefanya kazi kwenye karasha. Vumbi hilo huharibu mapafu na kumfanya ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Mchenjuaji anayechoma zebaki huvuta moshi wa sumu, mikono ikaanza kutetemeka, na anayetetemeka huitwa mlevi. Kijana mmoja wa namna hiyo alipita vituo viwili akikohoa. Cha kwanza aliambiwa aache bangi. Cha pili alisubiri hadi jioni, wengine wakiitwa mbele yake, akaondoka. Alipopimwa makohozi hatimaye alikuwa na kifua kikuu, na katika wiki zile zote alilala chumba kimoja na wenzake watano. Dawa za kifua kikuu ni za bure na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Dharau ile haikumdhuru yeye peke yake: iliwadhuru na wenzake, na nyumba watakazorudi wakati wa mavuno. Bakteria wa kifua kikuu hawabagui mwenye tatuu na mwanakwaya.

Wazazi nao wasikie. Tumewaona baba waliomkana mtoto mlangoni kwa sababu ya mchoro mkononi. Mkaripie ukipenda, lakini mfungulie mlango. Aliyefukuzwa nyumbani akiumwa hana wa kumpikia uji wala wa kumkumbusha dawa, na sisi tunajua ni wagonjwa gani hukatisha matibabu.

Macho mekundu

Huenda msomaji atasema tunakuza mambo, kwamba kusema mtu si kumwua. Katika mkoa wa Shinyanga hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Katika miaka ya 1990, na kabla na baada yake, bibi vizee wengi wa Usukuma walikatwa mapanga nyumbani mwao kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa mmoja tu: ana macho mekundu. Kisha kuanzia mwaka 2007 nchi ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika kanda yetu hii, hata ikabidi watoto wakusanywe mahali kama Buhangija, Shinyanga, kwa ajili ya usalama wao. Kusoma roho ya mtu kwenye ngozi yake au kwenye jicho lake ni tabia moja. Huanza kwa mzaha wa benchi.

Basi tuelezane macho mekundu hutoka wapi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka na misitu ya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Baadaye yakaja mashamba ya pamba na makundi makubwa ya ng'ombe, miti ikapungua zaidi. Mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986 na kuwahimiza watu wafufue ngitili zao, lakini mabibi wa wakati ule walikuwa wamekwisha kupika maisha yao yote kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi wake ni mkali sana. Mwanamke aliyepuliza moto huo miaka 50 atakuwa na macho mekundu, kama vile mpiga chuma anavyokuwa na viganja vigumu. Ongeza vumbi, ongeza ukavu wa macho wa uzeeni, ongeza vikope, yaani trakoma, ambao hugeuza kope zikaingia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Vikope vina dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Bibi mwenye macho mekundu, basi, ndiye aliyewapikia. Mpelekeeni hospitali macho yake. Jiko lihamishiwe nje au nyumba itobolewe dirisha, na wajukuu wapokezane kupuliza moto.

Je, Biblia haikatazi?

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara. Ni kweli, kitabu cha Walawi, sura ya 19, mstari wa 28, kinawakataza Waisraeli kuchanja miili yao kwa ajili ya wafu na kujiandika alama. Mambo ya imani wataeleza mapadre wetu kuliko sisi, na anayeitegemea hirizi kuliko Mungu atazungumza na padre wake. Lakini tunaona mstari unaotangulia unakataza kunyoa pembe za ndevu, na hatujasikia mtu ametengwa na jumuiya kwa kwenda kwa kinyozi. Sura hiyo hiyo, mstari wa 18, ndiyo inayoamuru kumpenda jirani kama nafsi yako, na mstari wa 32 unaamuru kusimama mbele ya mwenye mvi. Anayeishika sura ya 19 aishike yote.

Tena Wakristo wa Kikopti wa Misri huchorwa msalaba mdogo mkononi, karibu na kiganja, wengi wao wakiwa watoto. Wanawake wengi Wakristo wa kaskazini mwa Ethiopia wamechorwa msalaba kwenye paji la uso. Wakatoliki wa Bosnia, chini ya utawala wa Waturuki, waliwachora binti zao misalaba mikononi ili ijulikane wao ni wa nani. Kwa hao, mchoro ulikuwa ungamo la imani.

Hatari za kweli

Hatusemi haya ili watu wakachanjwe au kuchorwa. La hasha. Tunaipinga kazi ya wembe na sindano chafu kwa nguvu zetu zote, ila tunampinga wembe, si aliyechanjwa. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B na C. Kirusi cha homa ya ini B ni sugu: katika damu iliyokauka huweza kubaki hai siku 7 au zaidi, hivyo kuupangusa wembe kwa kitambaa hakusaidii kitu. Watoto siku hizi hukingwa na homa ya ini B kwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu kuzaliwa. Watu wazima wengi wa machimboni walizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuanza kutolewa, nao wapimwe. Dawa ya udongo au masizi katika kidonda huweza kuleta pepopunda. Kung'oa "meno ya plastiki" na kukata kimeo kumewaua watoto kwa kutoka damu na kwa sumu kuingia katika damu: huko hatuna maneno laini, msikubali kabisa. Wengine ngozi yao huota makovu makubwa kama uvimbe, na huyo akichanjwa ili kuliondoa kovu, kovu huongezeka.

Aliyechorwa au kuchanjwa hivi karibuni na anataka kuchangia damu aseme ukweli. Ataambiwa angoje miezi kadhaa, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane mapema katika vipimo. Hiyo si dharau, ni tahadhari, na hata aliyetobolewa masikio kwa sindano isiyo salama huambiwa vivyo hivyo.

Kufuta tatuu

Tumalizie na jambo linalotuletea vijana wengi wenye vidonda. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaja sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Sharti hilo vijana wangeambiwa wakiwa bado shuleni, maana wengi hulisikia wakiwa wamekwisha kuchorwa. Basi tangazo likitoka, huanza kufuta: kwa pasi ya moto, kwa maji ya betri, kwa chumvi na jiwe la kusugulia, kwa dawa za kung'arisha ngozi. Wino wa tatuu umekaa katika tabaka la pili la ngozi, hautoki kwa kusugua juu. Maji ya betri ni asidi, yanakula ngozi, nyama na hata mishipa ya vidole. Kijana anakosa kazi kwa sababu ya mchoro, kisha anakosa na mkono.

Njia salama ni mwanga maalumu wa leza, unaovunja wino kidogo kidogo kwa kurudia mara nyingi kwa miezi. Wino mweusi hutoka kwa urahisi zaidi kuliko wa rangi. Ni tiba ghali na haipatikani katika hospitali kama zetu. Mchoro mdogo sana daktari wa upasuaji huweza kuukata na kushona, na sikio lililovutwa hushonwa kwa ganzi ya mahali pale tu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ulizeni kwanza.

Aliyekwisha kujichoma kwa asidi amwagiwe maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa nusu saa, asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga, afunikwe kitambaa safi na aletwe siku ile ile. Kidonda kikiwa kimetimiza siku kadhaa, kina usaha na harufu, aje hivyo hivyo. Hatutamwuliza alichora nini. Tutamwuliza alichoma kwa kitu gani, na lini alipata chanjo ya pepopunda.